Bi Salme Abdalla, Aliyeonja Chakula cha Panya

Bi Salme Abdalla anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979, baada ya kuwatunza wanyama wa maabara yetu kwa miaka kumi na minane. Alipoanza, tulikuwa na vizimba sita katika chumba kimoja hapa mjini. Leo vimezidi mia mbili.

Anakaa mtaa wa Woodley, na kila asubuhi huingia kazini kabla yetu sote. Kanuni zilitaka panya watambuliwe kwa namba. Yeye aliwapa majina, nasi tukamfuata, hadi siku moja wakaguzi wakatukuta tumepiga magoti tukimwita Bwana Harusi atoke chini ya kabati.

Mwaka 1974 Daktari Prabha alikuwa akijaribu dawa ya kukinga seli zisiharibiwe na oksijeni, akitumaini ingepunguza udhaifu wa uzee. Panya wazee walichanganyiwa dawa hiyo katika chakula. Wenzao walipewa chakula kitupu. Baada ya miezi minane, waliopewa dawa walikuwa wepesi, tena wakikumbuka vichochoro vya kijumba cha majaribio kama vijana. Ripoti ilikuwa tayari kutumwa.

Bi Salme akabisha hodi kwa daktari.

"Daktari, panya wako wabakisha chakula. Wamekonda. Dawa ni chungu."

"Umejuaje?"

"Nimeionja."

Daktari aliiweka ripoti kando. Panya wanaokula kidogo huweza kuchelewa kuzeeka hata bila dawa yoyote, kwa hiyo huenda sifa zote zilikuwa za njaa. Bi Salme alitusimulia baadaye kwamba alirudi vizimbani akidhani atafukuzwa kazi. Kumbe aliitwa asaidie kupanga jaribio upya, safari hii na kundi la tatu, lisilo na dawa, lililopimiwa chakula kidogo sawa na walichokula wenye dawa. Alikipima mwenyewe mwaka mzima, Jumapili zikiwemo.

Ikaonekana kwamba wepesi wa miguu ulitokana na kula kidogo. Kumbukumbu, la. Hapo dawa ilikuwa imesaidia, kidogo lakini kweli. Daktari Prabha alimkumbatia Bi Salme mbele ya ofisi nzima, na ripoti ilipochapishwa, jina la Salme Abdalla lilifuata lake.

Sasa anarudi Mombasa kwa dada yake Mishi, na ameapa hatafuga hata kuku.

Ahsante, Bi Salme, kwa kusema ukweli ulipokuwa mgumu kusemwa. Mungu akujaalie afya, utulivu na miaka mingi ya furaha.