Msusi Apanda Basi

Fundi viatu alikaa kiti cha nyuma, masikio yote mbele. Msusi alikuwa akimsimulia mama aliyekutana naye humo humo basini: tangu ajali ya mwaka jana hakuthubutu kupanda gari, mpaka mshauri wa mtandaoni alipomsaidia. Leo ndiyo mara yake ya kwanza.

"Mwanangu, unammwagia moyo mtu usiyemjua?"

"Na wewe, mama, tumejuana lini? Mbona nishakumwagia wote?"

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Lakini mimi unaniona!"

"Na yeye namwona, kwenye simu."

"Kwenye simu si kuonana!"

Basi likasimama. Msusi akashuka, akarukaruka kama mtoto. "Nimefika, mama! Nimefika mzima!" Fundi viatu akajikuta anapiga makofi.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Haya, mpigie huyo mtu wako usiyemjua, asikae na wasiwasi!"