Mama Simama na Nyumba Mia Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya sheria, mwanasheria wetu mkuu wa mikopo na hisa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Mama Simama, kwa sababu kila mkataba huusoma kwa sauti, akiwa wima, kuanzia jalada hadi kiambatisho cha mwisho, na lazima awepo msikilizaji mmoja asiye mwanasheria. Mkataba wa kurasa mia hula asubuhi nzima. Wapo waliokuwa wakiumwa ghafla kila walipomwona anatafuta miwani.

Ameandaa mikopo ya viwanda na maghala, na hati fungani za kwanza za kampuni hii. Hajawahi kushindwa kesi. Kwa maelezo yake, mkataba uliosomwa vizuri haufiki mahakamani.

Lakini heshima tunayompa aliipata siku aliyoponea chupuchupu kufukuzwa. Kiwanda chetu cha vigae kilikuwa kinakopa kwa benki tatu. Wageni wameshaketi ukumbini, mpiga picha keshapanga taa, naye bado yuko chumba cha pili akimsomea mama anayetupikia chai orodha ya mali za dhamana. Alipofika kwenye nyumba mia mbili za nyuma ya kiwanda, mama wa chai akauliza kama wanaokaa humo wanajua. Hawakujua. Wafanyakazi walishamaliza kuzinunua kwa makato ya mshahara, na orodha ilinakiliwa kutoka faili la zamani. Aliyenakili ni mimi ninayeandika haya.

Mama Simama akaingia ukumbini na kutangaza kwamba leo hakuna kusaini. Mkurugenzi wa wakati huo akaja juu, akamwambia benki zikiondoka na yeye atafungasha. Akajibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba paa la mtu haliwekwi rehani kwa siri. Alipobanwa amtaje aliyekosea, alisema ni idara yake, basi. Siku ya tatu benki zikarudi, mkopo ukasainiwa bila zile nyumba, na familia zimo humo hadi leo. Yeye akaambulia barua ya onyo iliyomchelewesha kupanda cheo kwa miaka minne.

Mimi nilikuwa mgeni kazini, mke wangu mjamzito, nikaufyata mkia. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama, asante kwa kutulea na kutukaripia. Nenda ukapumzike kwa afya njema, ulale hadi jua likuchoke, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Jana nilipeleka barua kwa ofisa utumishi, iwekwe kwenye faili lako juu ya lile onyo. Inasema kosa lilikuwa langu peke yangu. Nimeisaini kwa jina langu kamili.