Babu Konzi na Tao la Kasri

Sasa hivi mwanangu ameigonga sufuria ya chai kwa vifundo vya vidole, akaitegea sikio, halafu akatikisa kichwa kama fundi mzee. Hayo kayatoa kwa Babu Konzi, fundi mkuu wetu wa mawe, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulijenga upya kasri hili.

Jina hilo tulimpa sisi. Hakuna jiwe linalopanda ukutani kabla hajalipiga konzi na kulisikiliza. Likilia, ni zima; likinyamaza, liliungua ndani kwa moto wa vita. Kazi imemwingia hata mkate wa chai anaugonga kwanza.

Alikulia hapa hapa. Mama yake alikuwa mfagiaji wa kasri, na Babu alimsubiri kila jioni chini ya tao la mlango mkuu. Vita vilipoliangusha, watu waliokota mawe wakajengea majiko na vizingiti. Amani iliporudi, Babu akapita nyumba kwa nyumba na toroli, akiyaomba. Bibi mmoja alimpa kizingiti chake: "Chukua, mwanangu, ila niletee kingine leo leo, nisije nikavunjika kiuno!" Akamletea, akamjengea mwenyewe.

Mimi nilikuja kuomba kazi na mtoto mgongoni. Wengine walisitasita. Babu akatandika magunia kwenye toroli lile lile, akasema, "Mjukuu wangu alale, mama yake achekeche chokaa." Mpaka leo nachekecha, na mjukuu kajifunza kutembea humu humu kwenye vumbi letu.

Tao la mlango mkuu limekamilika wiki hii, kwa mawe yale yaliyorudi, lakini bado linashikiliwa na mbao. Leo zinatolewa. Desturi ya mafundi wetu ni kwamba aliyelijenga tao husimama chini yake mbao zikitoka. Tumembembeleza amwachie kijana mwenye mbio. Kakataa katakata. Atasimama pale pale alipomsubiri mama yake. Naandika huku nachungulia nje, mnisamehe mwandiko.

Babu, asante. Umetulea wengi hapa. Ukija kututembelea, gonga mawe tu, vichwa vyetu viache. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na

naitwa huko nje, wanapiga vigelegele, mbao zimetoka na tao limesimama! Babu hataki kutoka chini yake mpaka mjukuu aje wapite pamoja, kwa hiyo haya mengine nita