Samaki Wafu Wanaorudishwa Baharini: Risala ya Wakazi wa Bulla Rahma

Mgeni rasmi, Bwana Muriuki, uliyetumwa na wakubwa wanaosimamia uvuvi wa bahari, Bwana DO, askari mliomleta mgeni salama, wazee, akina mama, na watoto mliokaa juani tangu asubuhi: asalaam aleikum.

Anayesoma ni Maalim Abdow, mwalimu wa chuo cha Kurani cha hapa. Maneno ni ya wakazi wote. Katika Kiswahili tumesaidiwa na Mwalimu Elkanah wa shule yetu. Pale kitakapopendeza ni chake, na pale kitakapokwaruza ni chetu.

MAKARIBISHO

Karibu Bulla Rahma. Desturi yetu mgeni hupokewa kwa maziwa ya ngamia, nawe umepewa chai ya rangi. Tuwie radhi. Hii ni risala ya tatu kusomwa mahali hapa tangu tuzungushiwe ua. Ya kwanza ilikuwa na shairi. Ya pili ilikuwa na wimbo wa watoto wa shule. Ya leo haina hiki wala kile. Si kwamba tunakudharau, bwana. Tumechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupamba.

HISTORIA YA KIJIJI

Kijiji hiki hakikuanzishwa na mtu aliyekipenda. Mwezi wa sita mwaka jana, 1966, wakati vita vya shifta vilipozidi, tulikusanywa kutoka malishoni tukaletwa hapa karibu na Kotile, tukazungushiwa miiba, na nje ya miiba seng'enge. Geti ni moja. Anayetoka bila kibali huhesabiwa shifta, yaani mwasi. Mifugo ilikula majani yaliyokuwa ndani ya ua kwa siku tisa. Siku ya kumi ikaanza kula miiba ya ua wenyewe. Kufika mwezi wa nane, mtu aliyekuwa na ngamia sitini alikuwa akipanga foleni na bakuli apimiwe unga wa mahindi.

Hayo umekwisha kuyasikia kwingine, na pengine yamekuchosha kama yalivyotuchosha sisi. Kwa hiyo tutakueleza habari za mtu mmoja tu, mama Rukiyo Keynan, maana habari zake ndizo zinazogusa kazi yako.

HABARI ZA MAMA RUKIYO

Rukiyo ni mjane. Mumewe, Hirsi, aliuawa barabarani mwaka wa 1965, na hadi leo kila upande unasema ni upande ule. Alimwachia ngamia kumi na wanane na binti mmoja, Fatumo. Ngamia wote walifia ndani ya ua. Fatumo naye, aliyekuwa na miaka mitano, akaanza kuvimba miguu, nywele zikabadilika rangi, na unga mtupu haukumsaidia.

Mwezi wa tisa akaja kijana mmoja Mkamba kwa lori la msafara wa jeshi. Jina lake Munyao. Alikuwa mkaguzi wa samaki kule Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Alishusha magunia sita ya samaki wa chumvi. Akatueleza kwamba kuna meli ya kampuni inayokokota wavu chini ya bahari ikitafuta kamba, na kila ikivua kamba debe moja hupata na samaki wengine madebe manane, ambao huwatupa. Yeye amemwomba nahodha asiwatupe wote.

Mzee Bare, mkubwa wetu, alisimama. "Nataka kujua," akasema. "Serikali nafua Wakamba kwa bahari?"

Munyao alicheka mpaka akakaa chini. Akaeleza kwamba kamba hawa ni wadudu wa majini wenye masharubu, Wazungu huwalipia fedha nyingi, nao hawana udugu na watu wa Machakos. Siku hiyo kijiji kizima kilicheka. Tunaitaja kwa sababu ni siku moja tu.

Lakini kucheka hakukuwa kula. Kwetu sisi, bwana, kumwita mtu mla samaki ni tusi. Anayekula samaki ni yule aliyekosa mnyama. Wazee waligeuka wakaenda zao, na magunia yakabaki mchangani yakizungukwa na nzi.

Rukiyo ndiye aliyekwenda kwa Maalim. "Hii nachinjwa wapi? Haina shingo."

Maalim akamjibu kwamba kinachotoka baharini ni halali, hakihitaji kisu.

Rukiyo akachukua samaki watatu, akawapika hivyohivyo, na magamba yao na matumbo yao, maana hakuna aliyemwonyesha. Harufu ilifika mpaka getini. Wanawake walifunika pua kwa shungi. Yeye akatoa miiba kwa vidole, akamlisha mtoto, na watu wakasimama mlangoni wakimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerukwa na akili. Mtoto alimaliza, akaomba tena.

Wiki iliyofuata Munyao aliporudi alimfundisha kupara samaki kwa mgongo wa kisu na kutoa matumbo. Rukiyo akawafundisha wanawake wengine. Kila Alhamisi msafara ulileta magunia. Kufika mwezi wa kumi na mbili Fatumo alikuwa akikimbia, na hata Mzee Bare alikuwa akila, ila alikuwa akila amegeukia ukutani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu magunia hayakuja. Alhamisi ya pili pia hayakuja. Munyao alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya Rukiyo, kofia mkononi.

"Mama Fatumo, barua imekuja. Leseni ya meli ni ya kamba peke yake. Samaki asiyeandikwa katika leseni haruhusiwi kushushwa pwani yoyote. Wanasema ataharibu bei sokoni, na meli itazoea kuvua kisichokuwa chake."

"Basi meli iache kuvua hiyo samaki."

"Wavu hauchagui, mama. Unazoa wote."

"Na wakishazolewa?"

"Wanatupwa. Kutupa si kosa. Kushusha ndiko kosa."

Rukiyo hakumwamini. Alidhani kijana amechoka na safari, ametunga sababu. Akaenda ofisini kuomba kibali cha kwenda Kipini. Alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu akapigishwa dole gumba, akapandishwa nyuma ya lori kati ya mapipa ya petroli na askari waliokuwa wakisinzia na bunduki zao.

Alikuwa hajawahi kuona bahari. Alituambia ni maji mengi ya bure, ngamia hawezi kuyanywa. Munyao alimpandisha kwenye mashua ya ukaguzi wakaifuata ile meli. Walipopanda sitahani, wavu ulikuwa ndiyo kwanza unafunguliwa. Lundo la samaki likaanguka, likafika magotini: hongwe, mkizi, taa wadogo, na wengine ambao hata mabaharia hawakushughulika kuwataja. Watu sita walipiga magoti wakachambua kamba, wakawaweka kwenye barafu. Kisha wawili wakashika mabeleshi, wakaanza kusukuma waliobaki baharini.

Rukiyo aliinama akamshika samaki mmoja. "Hii imekufa?"

"Wamekufa wote, mama," akajibu nahodha, mtu wa makamo, mwenyeji wa pwani hiyohiyo.

"Sasa narudisha kwa maji ifanye nini?"

Nahodha hakumcheka. Alivua kofia akajikuna kichwa. "Mimi nimezaliwa na wavuvi, mama. Babangu angeniona hivi angenipiga kofi. Lakini nikiwashusha, leseni inakwenda, na hawa vijana kumi na wawili wanakwenda nayo. Nikiwatupa, hakuna wa kuniuliza."

Nyuma ya meli maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki, na ndege walikuwa wameshiba hata hawagombani tena. Rukiyo alitazama yale mabeleshi yakienda na kurudi. Alituambia kwamba hapo hakuona hasira. Aliikumbuka siku alipohesabu ngamia akakuta amebaki mmoja. Kisha akaona gunia tupu kando ya mlingoti, akalichukua, akaanza kujaza kwa mikono.

Kazi ya Munyao ilikuwa kumzuia. Alisimama pale na sare yake ya serikali. Mabaharia wakaacha mabeleshi, wakimtazama atafanya nini. Akachukua gunia la pili.

Walifika pwani na magunia mawili. Mkubwa wa Munyao alikuwa amesimama kwenye ngazi. Magunia yalimwagwa kwenye shimo, yakafukiwa mbele ya macho ya Rukiyo. Munyao aliandikiwa uhamisho siku ileile, akapelekwa mbali na maji yote. Rukiyo alinyang'anywa kibali. Alirudi hapa akanyoosha mikono kwa wanawake waliokuwa wakimsubiri getini, wakaona haina kitu, wakatawanyika bila kumwuliza.

MAFANIKIO

Tumeambiwa risala lazima iwe na mafanikio. Tunayo. Shule ina watoto arobaini na moja. Kisima kimechimbwa, na maji yake yana chumvi kidogo tu. Na hili ghala la samaki ulilokuja kulifungua leo ni zuri, mabati yake yanang'aa, lina rafu za mbao na mlango wenye kufuli mbili. Fundi alilimaliza mwezi wa tano. Samaki walikwisha mwezi wa kwanza. Hatusemi kwa kejeli, bwana. Tunajua kwamba mkono uliojenga ghala haukujua yaliyofanywa na mkono ulioandika barua.

MATATIZO

Tangu samaki wakatike tumezika watoto saba. Ugonjwa ni uleule wa kuvimba. Majina yao Mwalimu Elkanah atakupa ukipenda.

Mwezi uliopita mto Tana ulipungua baada ya mafuriko ya gu, mvua zetu za masika, ukaacha dimbwi upande huu wa ukingo, hatua mia sita kutoka getini. Kutoka juu ya lile tangi la maji linaonekana. Limejaa kambale. Maji yanapungua kila siku, na kambale wanabaki wakigaragara kwenye tope, wanaliwa na korongo au wanaoza.

Jumatatu iliyopita Rukiyo alitoka getini mchana kweupe. Askari wa zamu alimwuliza anakwenda wapi, akamjibu, "Kuleta chakula." Alimwita arudi, hakurudi. Tunamshukuru askari yule kwamba hakupiga risasi. Rukiyo aliingia dimbwini akashika kambale wanne kwa mikono yake. Alikamatwa akiwa njiani kurudi, tope hadi kiunoni.

Ana mashtaka mawili. La kwanza ni kuwa nje ya ua bila kibali. Hilo tunalielewa, ni wakati wa vita. La pili ni kuvua samaki bila leseni. Wale kambale wanne waliwekwa kwenye veranda ya kituo cha polisi wawe ushahidi. Siku ya tatu walinuka, konstebo akawatupa.

Yuko rumande hadi leo. Fatumo analala kwa jirani, Mama Raho, na miguu imeanza tena kuvimba.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi bahari. Tunaomba leseni iandikwe upya, ili samaki aliyekwisha kufa wavuni ashushwe nchi kavu, na anayemtupa ndiye aulizwe. Sisi hatujasoma sheria, lakini tumechunga mali, na tunajua kwamba mchungaji anayeua wanyama wanane ili apate mmoja haachiwi fimbo.

Tunaomba Munyao arudishwe. Ikiwa hilo ni gumu, basi aandikiwe barua kwamba watu wa Bulla Rahma hawamlaumu.

Tunaomba Rukiyo aachiliwe. Tulimwuliza kupitia ukuta wa kituo tukuambie nini kwa niaba yake. Tulidhani atakuwa na mengi. Aliuliza kama dimbwi limekauka.

Bado, bwana. Jana jioni tulipanda tangini tukaangalia. Maji yamebaki mapana kama turubali moja, na migongo ya kambale iko nje. Kwa jua hili, kesho hayatakuwepo. Maombi mengine yatahitaji barua, na barua zina miezi yake. Hili halihitaji barua. Bwana DO, mwenye amri ya geti, ameketi karibu nawe. Wanawake wako tayari, wamekaa pale nyuma na vikapu, na askari wanaweza kwenda nao wakiwa na bunduki zao. Tunaomba geti lifunguliwe sasa, kabla hujakata utepe.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, awape watoto wako afya, na ausikie ulimi wako utakaposema na wakubwa wako. Amin.

Ni sisi,
Wakazi wa Bulla Rahma, waume kwa wake,
Julai 1967.