Optatus Matonya na Jina Ambalo Hakulitaja

Ndugu waombolezaji, tunayemrudisha ardhini leo ni kaka yetu mkubwa, Optatus Abeli Matonya. Alizaliwa hapa Haneti tarehe 12 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa mama Ruthu na marehemu mzee Abeli. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari Dodoma mwaka 1968.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Dorothea, na Mungu akawajalia Debora, Thomas na Lydia. Alikuwa mwalimu wa shule huko Kolo kwa miaka mingi. Mwaka 1993, magazeti binafsi yalipoanza kuenea, alijiunga na gazeti moja la wiki mjini Dodoma.

Mwaka 1996 mfanyakazi wa ghala la mfanyabiashara mmoja alimnong'oneza kwamba mahindi ya msaada wa njaa, yaliyokuwa yetu sisi wa huku, yalikuwa yakiuzwa katika soko la Majengo, mjini Dodoma. Optatus hakuandika papo hapo. Alishinda sokoni mpaka akaona mwenyewe magunia ya msaada yakimiminwa kwenye magunia mengine. Halafu akaanza kunywa chai na wafanyakazi wote wa ghala lile, mmoja baada ya mwingine. Wifi Dorothea akamtania, "Baba Debora, chai yangu siku hizi ina nini?" Akajibu, "Nikinywa na mmoja tu, nitakuwa nimemtaja."

Habari ilipotoka, mwenye ghala alikuja nyumbani na wanaume wawili. "Mtaje aliyekwambia. La sivyo tutatangaza kwamba umezusha, na nani atakuamini tena?"

Hakumtaja. Gazeti likaogopa, likaomba radhi, naye akaachishwa kazi. Majengo wakamwita mzushi, na Lydia akaitwa mtoto wa mzushi shuleni. Mwezi uliofuata mahindi yaliletwa Haneti, na wengi mliosimama hapa mliyala.

Tangu Februari mwaka huu alisumbuliwa na figo. Nikodemo, aliyekuwa mhariri wake, alimfuata hospitali akilia. "Kaka, mtaje sasa, nikusafishe gazetini."

"Mimi naondoka, Niko. Yeye anabaki hapa na watoto wake."

Alipokea Mpako wa Wagonjwa, akafariki Jumapili alfajiri, tarehe 20 Septemba 1998.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, mama yetu Ruthu, na mimi mdogo wake, Restuta. Wafiwa na wageni mtaitwa kwa majina kuweka mashada. Yupo mmoja hatutamwita, kwa sababu hata sisi hatumjui. Kama umekuja, tia udongo pamoja na majirani, kisha rudi nyumbani kwako.

Bwana ampumzishe kaka yetu, na amlinde huyo mmoja. Amina.