Valens Sebarenzi na Maboya Sita ya Ghuba ya Sake

"Bwana Sebarenzi alitunza uwanja wetu kwa miaka thelathini, kisha akauharibu kwa siku moja." Ndivyo inavyosema barua ya mwenyekiti wa kamati ya Kilabu cha Ski ya Maji, iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo wiki tatu zilizopita ili kila mfanyakazi aisome. Tumeisoma. Ni uongo, na aliyeiandika hakuwepo ghubani siku hiyo wala siku zilizoitangulia. Valens Sebarenzi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, na jarida hili la wafanyakazi haliwezi kumuaga kwa soda na makofi huku barua ile ikiendelea kuning'inia pale.

Kwa wenzetu wa jikoni na wa ulinzi ambao hawakuwahi kuona mchezo wenyewe: uwanja wa slalomu ni maboya yaliyopangwa majini. Boti hupita katikati bila kukata kona. Mchezaji, anayevutwa kwa kamba, hukata huku na huku nyuma yake akiyazunguka maboya sita, matatu kila upande. Kutoka lango la kuingilia hadi lango la kutokea ni mita mia mbili hamsini na tisa. Boya likisogea hatua mbili tu, mtu anaweza kuvunjika goti. Kazi ya Valens ilikuwa kuhakikisha halisogei, katika ziwa linalopanda kwa mvua za Aprili na kushuka kila kiangazi.

Alizaliwa Lushebere, katika familia ya wakulima, na kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la mtu wa milimani. Kule shamba hupimwa kwa kulaza kamba juu ya udongo, ikifuata mteremko. Alipoambiwa apime uwanja, Valens alipiga mbizi na kulaza kamba juu ya sakafu ya ziwa, nanga kwa nanga, kama anayegawa shamba la maharage kati ya ndugu. Maboya yalipoelea, uwanja ulikuwa pungufu kwa mita tisa na umepinda kama mkia wa mbuzi. Mchezaji wa kwanza, mtaalamu mmoja wa kahawa, alifika boya la nne na kumalizia ndani ya matete. Alitoka na majani mdomoni. Wavuvi walicheka mpaka mmoja wao akaanguka kutoka kwenye mtumbwi wake.

Valens hakucheka. Alipima upya juu ya maji, kwa kamba iliyokazwa kati ya mitumbwi miwili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kwa kuwa sakafu ilikuwa imemdanganya, aliamua kuijua. Kwa miezi minne alipita ghuba yote akiwa na jiwe lililofungwa kwenye uzi wenye mafundo, kuanzia ufukweni hadi uwanjani, akaandika kina cha kila hatua katika daftari la shule. Kamati ya wakati ule ilimuuliza daftari hilo lina faida gani kwa mchezo. Alijibu kwamba halina.

Kila Jumatatu asubuhi aliingia majini. Alikwangua ute kwenye kamba, akakagua nanga alizozitengeneza kwa saruji ndani ya makopo ya mafuta, akabadilisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli alivyovifunga kati ya kamba na boya ili boya liweze kunyumbuka likigongwa. Watu wa mji wetu wa Sake walimwita Papa Boya. Mkewe, Mama Mukankusi, aliwaambia majirani kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" ni ndiyo na "juu" ni kwa sababu: "Ile boya njo bibi yake ya kwanza. Mi niko ya pili, na sijalalamika, juu ule wa kwanza hapiki." Vita vilifunga kilabu mara nne. Mara nne wakubwa waliondoka na boti juu ya lori. Valens alibaki na maboya.

Mara ya nne ndiyo inayozungumzwa na barua. Mapigano yalishuka kwenye vilima vilivyo juu ya mji, na watu wa Kashuga, wa Lushebere na wa kwingine kote Masisi wakaja na magodoro vichwani. Maelfu yao walilala kwenye eneo la kilabu ufukweni kwa sababu lina ukuta. Walikuwa watu wa milima. Maji waliyoyajua ni ya chemchemi na mto. Ufuko wetu unawadanganya wageni: unatembea hatua kumi na tano maji yakiwa kiunoni, na hatua ya kumi na sita sakafu inakatika. Chini yake kuna mita ishirini na mbili. Katika siku kumi na mbili za kwanza walizama watu saba, wote wakichota maji au kufua. Valens aliwatoa wote saba kwa mikono yake.

Alianza kwa kibao cha onyo. Mama Adelaïde, mkulima wa Kashuga aliyekuwa amempoteza binti yake siku ya tano, alikitazama, akamwambia: "Papa, maandiko ya mbao haishikake muntu mukono."

Siku iliyofuata alifungua daftari lake. Akaingia uwanjani, akafungua maboya sita ya kugeukia, akaogelea nayo moja moja, kila moja na nanga yake, akayafunga upya kwenye ukingo wa kina, hatua moja kabla sakafu haijakatika. Kazi ilianza saa moja asubuhi na kuisha saa kumi jioni. Hakupima mara ya pili, maana namba alikuwa nazo zote. Kisha akapita kambini, hema kwa hema: "Boya njo mpaka. Ukiigusa, rudia." Hiyo ndiyo siku moja ya uharibifu.

Tangu siku hiyo ni miezi kumi na tisa. Amezama mtu mmoja. Mwenyekiti ameandika kwamba kifo hicho kinathibitisha kuwa maboya hayakusaidia kitu, kwa hiyo lazima kielezwe jinsi kilivyotokea. Mwezi Machi kamati iliamuru stoo ifungwe ili "mali ya kilabu isiendelee kutumiwa nje ya mchezo". Valens aliomba kamba mpya ya boya la nne mara tatu, kwa maandishi. Alinyimwa mara tatu. Tarehe 9 Aprili kamba ilikatika na boya likapelekwa na upepo. Tarehe 11, Shema, mkulima wa Lushebere mwenye umri wa miaka ishirini na sita, alipita mahali pale pale akiwa na madumu mawili. Valens alimtoa. Kisha akakata kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwake na kulifunga boya la nne upya.

Sasa kamati inataka kufungua kilabu mwezi Agosti kwa mashindano, na imeagiza maboya yang'olewe tarehe 1 Julai, siku moja baada ya Valens kuondoka. Wanasema mchezo hauwezekani bila hayo. Mbusa, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza vyombo sokoni Sake, amejitolea kuwapa wachezaji madumu sita mapya ya manjano: "Wazunguke bidon. Boti haitajua."

Valens, umetufundisha kuheshimu kitu kinacholala chini ya maji tulivu. Rudi kwenye vilima vyenu ukiwa na afya. Maharage yako yazae, Mama Mukankusi apate hatimaye kuwa wa kwanza, na udongo wa Lushebere ukupokee kama mwenyeji, kwa miaka mingi ya jembe kabla ya mengine yote. Tunakushukuru kwa niaba ya watu ambao hawatajua jina lako kwa sababu walirudi hemani na maji yao.

Nanyi, wajumbe kumi na mmoja wa kamati, mnaokutana Goma Jumamosi hii. Kahambu, mfanyakazi wetu wa usafi, amepiga mbizi pamoja na Valens kila Jumatatu kwa miaka sita na daftari liko mikononi mwake. Futeni agizo la tarehe 1 Julai. Mteueni Kahambu kuwa mtunzaji wa maboya, na mpeni ufunguo wa stoo Jumamosi hiyo hiyo. Atakayepiga kura ya kuyang'oa, aje ayang'oe mwenyewe, saa moja asubuhi, wakati akina mama wanachota maji.