Mfumo Uliomzika Mtoto Mzima

Akina mama, chai inaweza kungoja. Mlinibeba nikiwa chini, kwa hivyo leo mtanisikiliza nikiwa na hasira.

Mnajua kazi yangu pale Nyeri mjini: natengeneza vile vitabu vidogo vya mazishi, vyenye picha na historia ya marehemu. Nilikuwa natumia kitu kidogo tu cha JavaScript, ile lugha ya kuamrisha kompyuta. Unaandika ukurasa mara moja, mahali pa jina unaacha shimo, mahali pa picha shimo, halafu kompyuta inajaza kile umeipa. Usipoipa kitu, shimo linabaki wazi na unaliona. Haina akili, na haijifanyi iko nayo.

Akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, viatu vimechongoka, akaangalia kazi yangu akacheka. "Mama, huu ni mchezo wa watoto." Akaniwekea mfumo wake mkubwa, mzito mpaka kompyuta ikawa inahema. Ati unakumbuka wateja wote, ati unajaza wenyewe, ati unatuma moja kwa moja kwa mchapishaji na maboksi yanafika kwa wafiwa yakiwa yamefungwa. Kusoma tena kwa macho? Hiyo ni ya kizamani! Ndugu zangu, nawaambia, huyo mtu alijua kila kitu isipokuwa watu.

Nyanya mmoja akafa huko Giakanja. Sasa nyinyi mnajua vile tunapeana majina: mjukuu anachukua jina la nyanya yake, lote, bila kupunguza. Na mimi nilikuwa nimetengeneza kadi ya ubatizo ya huyo mjukuu. Mfumo ukaona majina yanafanana, ukaamua hao ni mtu mmoja. Mama ya mtoto akafungua boksi pale mazishini, akakuta picha ya msichana wake juu ya maneno "Pumzika kwa amani", na msichana mwenyewe amemkalia mapajani. Kile kilio alilia bado nakisikia.

Nikampigia simu yule msomi wa Nairobi. Mnajua alisema nini? "Mfumo hauna shida. Shida ni nyinyi kurudia majina." Aki ya nani! Jina la nyanya yangu limekuwa kosa la kompyuta! Pole hata moja hakusema, mjinga yule na viatu vyake.

Wateja wakahamia maduka ya kule Chaka. Nikaitwa yule wa kuzika watoto wazima. Nikafunga duka nikalala nyumbani, na nyinyi mkaja mkanilimia viazi, na nikisema nimeachana na hiyo kazi mnaniambia ninyamaze nishike jembe.

Halafu siku moja nani anasimama kwa geti? Mama ya yule mtoto. Nilitaka kujificha. Akaniambia, "Baba yangu naye amemfuata mama. Nataka wewe ndio uandike. Hao wengine hawaogopi kukosea. Wewe sasa unaogopa."

Nililia, sitaficha. Nikautupa ule mfumo, nikarudia kile kitu changu kidogo. Tukaketi na yeye, yeye anataja, mimi naandika, shimo kwa shimo. Mwaka wa kuzaliwa kwa mzee hakuna aliyeujua, shimo likabaki wazi, tukaliacha hivyo hivyo. Watu walisoma na hakuna aliyeshtuka.

Asanteni kwa viazi, na asanteni kwa kunigombeza. Na mkiambiwa na mtu wa viatu vya kuchongoka kwamba mashine yake inawajua, muulizeni kama inajua kunyamaza isipojua kitu. Yangu inajua. Ndiyo maana duka liko wazi tena.

Yule mtoto yuko hapa, ameshika mandazi pale kwa mama yake. Mama yake humwita Mami, kwa sababu mtoto amebeba jina la nyanya, aliyemzaa huyo mama. Hebu simama, Mami, wakuone. Sasa yule bwana aje hapa, amwangalie huyu usoni, atuambie ati huyu ni jina tu lililorudiwa.